Picha ya Nzi Inathibitisha Nini?

Mvua za Dodoma kwa kawaida huanza Desemba na kukoma Aprili. Ndiyo miezi ambayo matunda yanaanguka chini ya miti, madimbwi yanakaa, taka zinaoza haraka na nzi wadogo wanazaana kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka. Katika kata kama Nkuhungu, ambako makazi ya mjini bado yanakaa pamoja na miembe, mipera, bustani za mboga na mabanda ya mbuzi na kuku, swali la "huyu ni mdudu gani?" linaulizwa nyumba kwa nyumba. Siku hizi linaulizwa kwa picha. Simu inasogezwa karibu na embe lililotoboka, picha inarushwa kwenye kundi la WhatsApp, na majibu yanamiminika. Mmoja anasema nzi wa matunda, wa pili anasema inzi weupe, wa tatu anaapa kwamba ni kantangaze, na programu ya simu inatoa jina la Kilatini ambalo hakuna aliyepo mwenye uwezo wa kulipinga. Mdudu mmoja amepata majina manne, na kila jina lina dawa yake kwenye duka la pembejeo.

Mkanganyiko huu una gharama ya kweli. Kuna mkulima anayenyunyizia sumu mti ambao nzi aliyepigwa picha hana habari nao, na kuna anayempuuza mdudu mgeni kwa sababu programu imempa jina la mwenyeji. Kwa hiyo inafaa kulitazama suala lote kwa utulivu: nzi mdogo anatambuliwaje, wanaobishana wanasema nini, na picha inaweza kubeba uzito kiasi gani.

Kwa nini nzi wadogo wanatuchanganya

Nzi ni moja ya makundi makubwa kabisa ya wadudu. Sayansi imekwisha kuzipa majina zaidi ya spishi 150,000 duniani, na katika Afrika iliyo kusini mwa Sahara pekee zinazojulikana zinakaribia 20,000. Mbu, usubi na mbung'o wote wamo humo. Alama inayowaunganisha ni mbawa mbili tu. Jozi ya nyuma imegeuka kuwa vijiti vidogo vya kusawazisha mruko. Alama hii moja inatosha kuondoa nusu ya ubishi wa WhatsApp. Inzi weupe wanaoeneza magonjwa ya muhogo wana mbawa nne, na ni jamaa wa wadudu mafuta. Kantangaze, aliyeingia Tanzania mwaka 2014 na kuteketeza nyanya, ni nondo. Picha ya kawaida ya simu, ikiwa haijatikisika, inaweza kuamua jambo hilo bila mtaalamu yeyote.

Ugumu unaanza ukishaingia ndani ya nzi wenyewe. Jina "nzi wa matunda" linabebwa na familia mbili zisizofanana tabia. Familia ya kwanza ni ya Drosofila, nzi wa milimita 3 hivi, mara nyingi mwenye macho mekundu, anayezunguka ndizi zilizoiva kupita kiasi na mapipa ya pombe. Huyu kwa kawaida hufuata tunda lililokwisha kuharibika. Familia ya pili ni ya Tefritidi, nzi wenye mbawa zenye madoa au mistari, ambao jike hutoboa tunda zima kwa mrija wake wa kutagia na kuweka mayai ndani. Embe linaoza likiwa bado mtini kwa sababu ya huyu wa pili. Lakini likishaanguka na kupasuka, wa kwanza ndiye anayeonekana juu yake kwa wingi, na ndiye anayepigwa picha. Mwenye mti anapewa jina la mdudu aliyefika mwisho, na aliyefanya uharibifu hayumo kwenye picha kabisa.

Kwa wakulima wa zabibu wa Dodoma tofauti hiyo ina uzito wa namna nyingine. Drosofila asiye na hatari kwa embe bichi anaweza kubeba bakteria wa siki hadi kwenye vichala vilivyopasuka, na mvinyo ukaharibika. Mdudu yule yule ni wa kupuuzwa kwenye mwembe na ni wa kuogopwa kiwandani.

Sababu nyingine iko kwenye simu. Nzi wa milimita 2 au 3 anahitaji lenzi ya karibu sana, na kamera nyingi za simu hulainisha au kunoa picha zenyewe kabla hatujaziona. Nywele ndogo za kichwani na kifuani, mishipa ya mbawa, rangi ya paja: vitu ambavyo mtaalamu anavitafuta kwanza ndivyo vinavyopotea kwanza.

Somo la mwaka 2003

Hakuna kisa kinachoeleza tatizo hili vizuri kuliko cha nzi aliyefika Afrika Mashariki mwaka 2003. Mapema mwaka huo watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu chenye makao Nairobi, walikuta kwenye mitego ya pwani ya Kenya nzi wa matunda asiyefanana na wenyeji. Mwaka huo huo alionekana Tanzania, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, akiwemo Maulid Mwatawala, wakaanza kumfuatilia. Alikuwa wa asili ya Asia. Mwaka 2005 wataalamu Drew, Tsuruta na White walimtangaza kuwa spishi mpya na kumpa jina Bactrocera invadens, yaani mvamizi. Jina lilimfaa. Katika miaka michache alikuwa ameenea sehemu kubwa ya bara, akiwasukuma kando nzi wenyeji wa maembe kama Ceratitis cosyra.

Athari ziligusa mifuko. Nchi zinazonunua matunda zilikaza masharti, na mwaka 2014 Kenya ilisitisha yenyewe kupeleka maembe Umoja wa Ulaya kwa sababu ya nzi wa matunda, ikarejea sokoni mwaka 2021 baada ya kujenga maeneo yanayodhibitiwa. Umoja wa Ulaya nao uliongeza masharti ya maembe kuanzia mwaka 2019.

Kisha ukaja uamuzi uliowashangaza wasio wanasayansi. Mwaka 2015 kundi kubwa la watafiti, baada ya kulinganisha maumbo, vinasaba, harufu za kujamiiana na uwezo wa kuzaliana, lilihitimisha kwamba Bactrocera invadens si spishi ya peke yake. Ni Bactrocera dorsalis, nzi wa matunda wa Asia aliyejulikana kwa zaidi ya miaka 100. Jina la 2005 likafutwa. Kifua chake kinaweza kuwa cheusi au cha hudhurungi, na tofauti hizo za rangi, ambazo kwenye picha zingeonekana kama ushahidi wa spishi mbili, zilikuwa sura mbili za nzi mmoja.

Mambo mawili yanafuata hapa. La kwanza ni kwamba hata wataalamu wenye wadudu mezani na hadubini mbele yao walihitaji miaka 10 kukubaliana. La pili, ambalo ndilo kubwa, ni kwamba marekebisho yaliwezekana kwa sababu wadudu wenyewe walikuwa wamehifadhiwa na wengine waliendelea kukusanywa. Kama ushahidi wote wa 2003 ungekuwa picha, ubishi usingekwisha.

Wanaosema picha inatosha

Watetezi wa picha wana hoja ambazo hazipaswi kudharauliwa. Wataalamu wa nzi ni wachache, nao wengi wako mbali na uwanda wa kati. Simu ziko kila nyumba. Picha inabeba tarehe na, ikiruhusiwa, mahali palipopigwa. Inamwonyesha mdudu akiwa hai, na rangi yake halisi, kwa mfano mistari ya kwenye macho ya baadhi ya nzi ambayo hufifia akishakufa. Inaonyesha pia tunda alilokuwa akilitoboa, jambo ambalo mdudu aliyekauka ndani ya chupa hawezi kulisema.

Mifumo ya kukusanya picha za viumbe imethibitisha nguvu hiyo. Mkubwa kuliko yote, iNaturalist, ulianza mwaka 2008 kama kazi ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na leo una mamilioni ya kumbukumbu kutoka duniani kote. Kumbukumbu hupanda daraja pale zaidi ya theluthi mbili ya waliotoa maoni wanapokubaliana juu ya spishi, na akili mnemba iliyofunzwa kwa picha hizo hupendekeza jina kwa sekunde chache.

Tena, nzi wengine wanasaidia kazi hii kwa maumbile yao. Tefritidi ni miongoni mwa nzi rahisi kupigwa picha kwa sababu mbawa zao zimechorwa. Nzi wa matikiti, Zeugodacus cucurbitae, ana mstari wa njano katikati ya kifua na doa jeusi linalokatiza bawa. Dume la Ceratitis capitata lina vinywele viwili kichwani vyenye ncha iliyopanuka kama almasi. Picha safi ya mmoja wa hawa inatoa jibu lenye uhakika mkubwa.

Kuna pia faida ya king'ora. Mwaka 2020 mtu alipiga picha kiluwiluwi nchini Madagascar kwa programu ya simu, na watafiti wa Chuo Kikuu cha South Florida wakaipitisha kwenye akili mnemba. Jibu lilikuwa Anopheles stephensi, mbu wa malaria wa Asia anayezaliana kwenye vyombo vya maji mijini. Ushahidi huo peke yake haukutosha kuwa hukumu, lakini ulitosha kumwambia mtu mwenye mamlaka aende akatazame. Dodoma, mji ambao kila nyumba yenye uwezo ina tangi la maji uani, ina sababu ya kutaka king'ora cha aina hiyo.

Udhaifu wa msimamo huu hauko kwenye kamera. Uko kwenye jambo ambalo watumiaji wengi hawaambiwi. Picha haitambui spishi peke yake. Inaitambua ikisaidiwa na orodha ya spishi nyingine zinazoweza kuwepo mahali hapo. Mtaalamu wa Uingereza akiona picha ya nzi na kusema jina kwa uhakika, anafanya hivyo kwa sababu nzi wa Uingereza wamekusanywa na kuorodheshwa kwa zaidi ya karne mbili, na anajua kwamba wanaofanana na huyu hawapo kisiwani kwao. Picha hiyo hiyo ikipigwa Nkuhungu haina uzito ule ule, kwa maana orodha ya nzi wa uwanda wa kati ina mapengo makubwa, na kila mwaka biashara ya matunda na mizigo ya magari inaweza kuongeza mgeni. Akili mnemba nayo imefunzwa zaidi kwa picha kutoka Ulaya na Amerika Kaskazini, ambako wapiga picha ni wengi. Ikikosa mdudu wa Dodoma kwenye kumbukumbu zake, mara nyingi inataja anayefanana naye. Hata makubaliano ya theluthi mbili hayawezi kuziba pengo hilo ikiwa wote waliopiga kura wametazama vitabu vile vile visivyo na spishi husika.

Wanaosema lete mdudu

Upande wa pili unasimama kwenye kanuni ya zamani: jina bila mdudu aliyehifadhiwa ni uvumi. Hoja yao kubwa ni spishi zinazofanana mno. Katika Afrika Mashariki kuna kundi la Ceratitis fasciventris, anonae na rosa. Madume hutofautishwa kwa manyoya na rangi za miguu, hasa mguu wa kati. Majike karibu hayatofautishiki. Mwaka 2016 De Meyer wa jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, pamoja na Mwatawala na Virgilio, waligawa rosa kuwa mbili, na mpya ikaitwa Ceratitis quilicii. Mmoja anastahimili joto la tambarare, mwingine anapendelea nyanda za baridi. Kwa anayepanga mahali pa kuweka mitego, tofauti hiyo ina maana kubwa. Kwa simu, inabidi nzi awe dume, anyooshe miguu yake mbele ya lenzi, na doa jeusi la mguu wa kati lionekane ukingo kwa ukingo. Hayo hutokea kwa nadra.

Nzi wadogo wanaochimba majani ya nyanya, wa jenasi ya Liriomyza, ni mfano mwingine. Vijia vyembamba vinavyopindapinda ndani ya jani vinaweza kutofautishwa kwa picha na mabaka mapana ya kantangaze, na hapo picha imefanya kazi nzuri. Lakini spishi tatu kuu za Liriomyza zinazosumbua mboga hutofautishwa kwa uhakika kwa viungo vya uzazi vya dume, vinavyopasuliwa na kutazamwa kwenye hadubini.

Ubishi huu ulipamba moto duniani mwaka 2015, pale wataalamu Marshall na Evenhuis walipotangaza spishi mpya ya nzi kutoka Afrika Kusini, Marleyimyia xylocopae, anayefanana na nyuki bombwe, kwa kutumia picha tu. Hapakuwa na mdudu aliyehifadhiwa. Walisema kwamba sheria ngumu za vibali na upungufu wa makusanyo vitalazimisha njia hiyo. Mwaka uliofuata wanasayansi 493 walitia saini andiko la kupinga, wakisema kutambua spishi mpya kwa picha ni njia isiyotosha na inaweza kuleta madhara. Tume ya kimataifa ya majina ya wanyama haikuipiga marufuku njia hiyo, ila mwaka 2017 iliwataka wanaoitumia watoe sababu za kina za kutohifadhi kiumbe.

Tanzania ilikuwa imekwisha kutoa ushahidi wake katika kesi hiyo, tena kwa mnyama mkubwa. Kima aitwaye kipunji, ambaye wakazi wa Rungwe walimjua siku nyingi, aligunduliwa na watafiti mwaka 2003 katika nyanda za juu kusini, na kundi jingine likamwona Ndundulu, Udzungwa, mwaka 2004. Mwaka 2005 alitangazwa kuwa spishi mpya kwa kutumia picha, kwa sababu kuua mnyama adimu kwa ajili ya makumbusho hakukubaliki. Picha zilimweka kwenye jenasi ya Lophocebus. Mwaka huo huo kipunji mmoja alikufa kwenye mtego wa shambani. Mwili wake ulipochunguzwa, pamoja na vinasaba, alionekana kuwa karibu zaidi na nyani, na mwaka 2006 akapewa jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus.

Kisa hicho kinatumiwa na pande zote mbili, na pande zote mbili zina haki. Picha zilikuwa sahihi kusema kwamba huyu ni kiumbe kipya, na zilimpa ulinzi mapema. Zilikosea kuhusu ukoo wake. Ikiwa kima mwenye urefu wa karibu mita moja amepotosha macho ya wataalamu, nzi wa milimita 4 anastahili tahadhari zaidi. Na nzi hana kizuizi cha kipunji: kuchukua nzi mmoja wa kwenye embe hakuhatarishi spishi yoyote.

Udhaifu wa msimamo wa "lete mdudu" nao uko wazi. Makusanyo makubwa ya nzi wa Afrika yako Ulaya, hasa Tervuren na London, na mkulima wa Dodoma hawezi kusubiri miezi. Vitabu vya kutambulia vilikuwa ghali na vigumu kupatikana, ingawa kitabu kikuu cha nzi wa Afrika kilichohaririwa na Kirk-Spriggs na Sinclair kuanzia mwaka 2017 sasa kinapatikana bure mtandaoni. Mtaalamu anayedai hadubini kwa kila swali anamwachia mwenye duka la dawa nafasi ya kujibu badala yake.

Vinasaba si njia ya mkato

Kundi la tatu linasema ubishi umepitwa na wakati: pima vinasaba. Tangu mwaka 2003, Paul Hebert wa Chuo Kikuu cha Guelph, Kanada, alipopendekeza kipande kimoja kifupi cha vinasaba kiwe alama ya kutambulisha spishi, njia hii imeenea. Ina nguvu isiyo na mpinzani mahali pamoja: inatambua mayai na mabuu. Funza aliyekutwa ndani ya pera hana mbawa wala madoa, na kwa kawaida mpiga picha hawezi kumsaidia mtu.

Lakini kipande hicho kinashindwa pale pale tunapokihitaji zaidi. Kundi la Ceratitis rosa na jamaa zake halitenganishwi nacho kwa uhakika, na ndugu wa Bactrocera dorsalis pia wanachanganyika. Tena jibu la vinasaba hulinganishwa na maktaba ya majibu yaliyokwisha kuthibitishwa, na maktaba hiyo imejengwa kwa wadudu waliotambuliwa kwanza na wenye hadubini. Na kipimo kinahitaji mguu wa mdudu. Aliyepiga picha na kumwachia nzi aruke hana cha kupeleka maabara.

Je, spishi inahitajika kweli?

Kuna wanaouliza swali lenye busara zaidi ya yote: mwananchi anahitaji jina la spishi kwa kazi gani? Mkoa wa Dodoma una mfano mzuri. Wilayani Kongwa, utafiti wa vikope, ugonjwa wa macho unaoweza kupofusha, umeendelea tangu miaka ya 1980. Nzi anayehusishwa zaidi na ugonjwa huo ni Musca sorbens, anayependa kutua kwenye macho ya watoto. Anafanana sana na nzi wa kawaida wa nyumbani, Musca domestica, ila mgongoni ana mistari miwili mipana ambapo mwenzake ana minne. Picha nzuri ya kutoka juu inaonyesha hilo, na lina maana, kwa kuwa Musca sorbens huzaliana hasa kwenye kinyesi cha binadamu kilichoachwa wazi, na wa nyumbani hutosheka na taka na samadi. Jina moja linaelekeza kwenye vyoo, la pili linaelekeza kwenye jaa.

Hata hivyo, mwaka 2006 mtafiti Sheila West na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio la huko Kongwa: baada ya jamii kupewa dawa ya kuua vimelea vya vikope, kunyunyizia sumu ya nzi kwa nguvu hakukuongeza faida iliyoonekana. Kumjua nzi ni hatua moja. Kujua kama kumuua kunasaidia ni swali la pili, na picha wala hadubini haiwezi kulijibu.

Kwa mbu wa malaria hali ni kali zaidi. Anopheles gambiae na Anopheles arabiensis hawatofautishwi kwa sura, hata na mtaalamu mwenye hadubini. Tangu mwaka 1993 kazi hiyo hufanywa kwa kipimo cha vinasaba. Wa pili anastahimili ukame, huuma ng'ombe na huuma nje ya nyumba, kwa hiyo chandarua pekee hakimtoshi. Programu yoyote ya simu inayomtofautisha kwa picha na mwenzake inadanganya.

Gharama ya kukosea

Nikiweka hoja hizi kwenye mizani, naona kipimo kinachofaa ni kimoja: kosa litagharimu kiasi gani, na nani atalipa. Mwenye nyumba anayetaka kujua kama nzi wanaozunguka ndizi zake ni hatari anaweza kutegemea picha. Akikosea, hajapoteza kitu. Mwenye mwembe anaweza pia kuanza kazi bila jina la spishi, kwa sababu kukusanya matunda yaliyoanguka kila siku na kuyafukia kwa kina, au kuyafunga kwenye mfuko wa plastiki juani, kunawadhibiti Tefritidi wote bila kujali majina yao. Hatua hii ni ya bei rahisi kuliko dawa na ndiyo inayoachwa kwanza.

Mambo yanabadilika mtu anapotaka kununua kivutio cha mtego. Dume la Bactrocera dorsalis hufuata methili eujenoli, nzi wa matikiti hufuata kivutio kingine, na Ceratitis capitata kingine tena. Hapo jenasi na mara nyingi spishi inahitajika, na picha kadhaa zikisomwa na mtu anayewajua nzi wa hapa zinaweza kutosha. Kwa sumu, napendekeza ukali zaidi. Dawa iliyopigwa kwa kubahatisha inaua pia maji moto, sisimizi wekundu wa mitini ambao tafiti za Afrika zimeonyesha wanapunguza nzi wa matunda kwenye miembe. Mkulima analipa mara mbili: fedha ya dawa, na mlinzi aliyemuua.

Kwa madai mawili picha haitoshi kabisa, hata iwe safi vipi. La kwanza ni cheti cha matunda yanayosafirishwa. La pili ni tangazo kwamba mdudu mgeni ameingia mkoani au nchini. Nchini Kenya mwaka 2019 alinaswa Drosophila suzukii, anayetoboa matunda mazima tofauti na ndugu zake. Dume lake lina doa jeusi kwenye kila bawa, jambo la kuvutia kwa mpiga picha, lakini kuna Drosofila wengine wenye madoa, na jike hutambuliwa kwa meno ya mrija wa kutagia. Tangazo la uongo linaweza kufunga soko la wilaya nzima. Ukimya wa uongo unaweza kumpa mgeni msimu mzima wa kuenea. Pande zote mbili za kosa hilo ni ghali mno kuachiwa programu ya simu.

Msimamo wangu ni kwamba wabishani wanagombania vitu vinavyotegemeana. Nguvu ya picha imeazimwa kutoka kwa wadudu waliohifadhiwa, na kadiri makusanyo ya nzi wa uwanda wa kati yatakavyokua, ndivyo picha ya simu ya Nkuhungu itakavyopata uzito.

Kwa hiyo mpiga picha wa nzi ana wajibu mdogo wa kuongeza. Apige picha tatu: kutoka juu, kutoka ubavuni na ya uso, na rula au sarafu iwe pembeni. Kisha asimwachie nzi. Amweke kwenye chupa ndogo yenye spiriti ya asilimia 70 inayouzwa duka la dawa, aandike kwa penseli mahali, tarehe na tunda alilokutwa nalo, na aikabidhi kwa afisa ugani wa kata. Kwa nzi anayehitaji kupimwa vinasaba, spiriti kali zaidi, ya asilimia 95, inafaa.

Wajibu mkubwa uko kwa taasisi. Wizara ya Kilimo iko Mtumba. Kituo cha Makutupora cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI) kinashughulikia zabibu. Chuo Kikuu cha Dodoma kipo tangu mwaka 2007 na kina wanafunzi wa baiolojia. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020, ina dhamana ya kisheria juu ya wadudu wageni. Naziomba taasisi hizi zikubaliane juu ya jambo moja: makusanyo ya nzi wa uwanda wa kati yatakayokaa Dodoma, kila mdudu akiwa na picha zake, na namba moja ya simu ambayo mkulima wa Nkuhungu anaweza kuitumia picha leo na kupeleka chupa yake kesho.